Tumepata Lifti, Ciru

Ciru wangu,

Tumeshinda kesi. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungenikatiza salamu katikati uniulize, "Nafula, wacha hayo, korti ilisema nini?" Korti ilisema ulionewa. Ilisema kampuni ilikuwa na wajibu wa kutengeneza lifti, na kwamba kukufuta kazi ili isiitengeneze kulivunja haki zako. Jaji alisoma jina lako lote, Grace Wanjiru, polepole, kama mtu anayeogopa kulikosea. Nikageuka kukuangalia. Unajua vile mtu hugeuka kabla ya kukumbuka. Mahali ambapo kiti chako kingekuwa palikuwa na mkoba wa mamako sakafuni.

Basi watu wananiambia nifurahi. Wakili Atieno ananiambia nifurahi. Jirani yangu mpya hapa Riruta ameniletea chapati, ati pongezi za lifti. Nimekula chapati, Ciru, lakini furaha imekataa kuja. Imekuja hasira tu, na hasira haina mtu wa kuongea naye kwenye nyumba hii, ndiyo maana nakuandikia.

Tangu tulipojuana nimekuwa nikikuletea wewe hasira zangu. Unakumbuka wodi ile ya watu waliovunjika uti wa mgongo, vitanda vyetu vikitazamana? Wewe uligongwa na lori ukivuka barabara. Mimi nilikuwa mfanyakazi wa nyumba Kileleshwa, nikatumwa kuosha madirisha kutoka nje, orofa ya pili, nikaanguka. Yule mama niliyemfanyia kazi hakuja hata siku moja kuniona. Nilikuwa nikilia usiku nikijiambia ni mimi niliyekanyaga vibaya. Wewe ndiye uliyeniambia kutoka kitandani kwako, kwa sauti ya kuamsha wodi nzima, "Wewe wacha kulia kama mwizi! Alikutuma dirishani bila kamba. Hiyo ni makosa yake, na kuna sheria." Mimi sikuwa nimewahi kusikia mtu akisema neno sheria kwa upande wangu. Nilidhani sheria ni kitu cha askari.

Ulikuwa unafanya kazi ya bima, kwa hivyo ulijua. Madai ya watu waliopata ajali, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako kabla ya lori na baada ya lori. Ulirudi kazini ukiwa kwenye kiti cha magurudumu na ukaendelea na mafaili yako palepale ulipoyaachia. Ofisi ilikuwa Kileleshwa bado, ile nyumba ya zamani yenye mti wa parachichi mlangoni. Mlango mpana, choo kiko chini, hakuna ngazi. Ulikuwa unaingia mwenyewe, na jioni ukirudi kwetu Kabiria unanisimulia visa vya wateja huku nikishona sare za shule. Ukaikarabati ile nyumba tuliyokaa, kwenye ploti ya familia yenu, ukapanua milango, ukateremsha sinki mpaka magotini mwetu. Mafundi walicheka wakisema ni sinki ya watoto. Uliwaambia, "Sinki ni yangu, na mtu mzima ni mimi."

Nilikupendea hilo. Tulipokuwa mjini na wale wahubiri wa barabarani wakituwekea mikono kichwani bila kuulizwa, mimi nilikuwa nainamisha kichwa nikingoja aibu ipite. Wewe ulikuwa unafungua macho katikati ya maombi unasema, "Pasta, kama anakusikia, mwambie alete rampu pale posta."

Halafu kampuni ikanunua lile jengo mjini.

Nataka nilisimulie hili lote, ingawa wewe ndiwe uliyelipitia, kwa sababu nimelisikia likisimuliwa na mawakili mpaka limebaki mifupa. Wao walisema "changamoto za ufikiaji." Mimi niliona kilichorudi nyumbani kila jioni.

Jengo lilikuwa na lifti iliyokufa zamani, kishimo chake kimejaa viti vilivyovunjika. Ofisi yenu iliwekwa orofa ya tatu. Bwana Mutua, meneja wenu, alikuambia usijali, masoja wa mlangoni watakuwa wanakubeba. Na walikubeba. Mmoja mbele, mmoja nyuma, wewe juu kama kabati linalohamishwa, umeshika sketi kwa mikono miwili. Wateja wanajibana ukutani wakupishe. Kuna siku mtu alitoa simu akakuchukua video. Kesho yake ulivaa suruali, na hukuvaa sketi tena mpaka tulipokuvisha sisi kwa mazishi.

Masoja hawakuwa watu wabaya. Ulisema mmoja alikuwa akikuomba msamaha kila ngazi. Lakini choo cha orofa ya tatu kilikuwa na mlango ambao kiti hakipiti, na huwezi kubebwa juu na chini kila unapohitaji kujisaidia. Kwa hivyo uliacha kunywa maji. Mimi nilikuona. Asubuhi nakuwekea chai, unaionja tu. Nilikuuliza, ukasema, "Nitakunywa jioni." Daktari wa wodini alitukemea sisi wote wawili kuhusu maji, kwamba watu kama sisi tusipokunywa figo zinaharibika bila hata kutuuma. Ulijua. Ulijua kuliko mimi. Lakini mtu anayetaka kubaki na kazi yake hupanga hesabu zingine.

Ulimwomba Bwana Mutua mambo mawili, na ukamwambia achague moja: atengeneze lifti, au akuweke pale chini ambapo kampuni ilikuwa imekodisha chumba kwa duka la simu. Alikuita ofisini kwake. Jioni hiyo ulimwigiza, ukiwa umekunja mikono kifuani hivyo: "Grace, sisi hapa ni familia. Lakini hata familia iko na bajeti." Tulicheka mpaka machozi. Baada ya mwezi hivi wakakuambia nafasi yako imeondolewa kwenye kampuni. Wiki iliyofuata rafiki yako wa mapokezi alikupigia kukuambia kuna kijana ameketi kwenye meza yako, na anaita watu kuuliza mafaili ya Grace yako wapi.

Hapo hatukucheka.

Atieno aliichukua kesi. Kila tarehe tulienda. Kila tarehe ilisogezwa: mara wakili wao anaumwa, mara wameomba muda wa kujibu, mara jaji amehamishwa. Wewe ulikuwa unavaa vizuri kwa kila tarehe. Homa zilianza kukurudia, ukawa unatetemeka chini ya blanketi adhuhuri, unakunywa dawa, unaenda kortini. Nilikuambia upumzike. Ukasema kampuni inangoja jambo hilohilo, uchoke.

Halafu ulilazwa, na safari hii hukutoka. Daktari alisema figo zimechoka. Hivyo tu, kama mtu anayesema gari limeishiwa mafuta. Sitaandika kwamba kampuni ilikuua, kwa sababu Atieno amenionya mara nyingi, na kwa sababu hakuna daktari aliyekubali kuisema hivyo kwa karatasi. Nitaandika tu kwamba uliacha kunywa maji kwa sababu ya mlango wa choo.

Watu wananiuliza kama uliniachia wosia kuhusu kesi. Wanapenda mambo kama hayo. Hukuniachia chochote. Siku ya mwisho uliniuliza kama nimefunga dirisha la jikoni, nikasema ndiyo, ukalala.

Sasa mazishi yako. Jitayarishe.

Hema lililetwa na kampuni. Ndiyo, kampuni uliyoishtaki, hema lenye jina lao pembeni, na shada la maua kubwa kuliko yote. Bwana Mutua alipewa maikrofoni. Alisema ulikuwa mfanyakazi mwenye tabasamu. Pasta akasimama akasema, "Dada yetu aliteseka kwenye kile kiti, lakini leo anatembea! Leo anakimbia kwenye barabara za dhahabu!" Watu wakapiga makofi, wengine wakalia kwa furaha. Ciru, nilitaka kupiga kelele. Hukuwahi kuniambia hata siku moja kwamba unatamani kutembea. Ulitamani lifti. Miaka yote hiyo, kanisa lako zima, na hakuna aliyekusikia ukiomba nini.

Mvua ilikuwa imenyesha. Shamba la familia yenu linateremka, unalijua, na kiti changu kilizama kabla sijafika nusu ya njia. Vijana wawili wenye fulana za kampuni walikuja mbio. "Madam, tukubebe?" Nikakataa. Sijui kama ilikuwa kiburi. Nilifikiria sketi yako. Nikabaki pale kwenye matope, watu wakinipita, nikasikia nyimbo kutoka kwa mbali, kisha nikasikia udongo. Sikukuona ukishuka. Rafiki yako wa pekee aliyekuogesha, na hakukuona ukishuka.

Kabla hata maua hayajanyauka, Njoroge alikuwa ametia sahihi. Kaka yako. Kampuni ilimwita, ikampa pole, ikamwambia ni vizuri familia imalize mambo nje ya korti kwa amani, na yeye akaandika kwamba familia haitaki tena fidia wala kesi. Alikuja kuniambia akiwa amesimama mlangoni, hakuingia. "Nafula, sisi tumesamehe. Wanjiru amepumzika. Wacha tumwache apumzike." Nikamwambia kesi haikuwa ya kulipiza kisasi, ilikuwa ya lifti. Akaniangalia kama mtoto anayeng'ang'ania mwanasesere. "Lifti ya nani? Yeye si ameenda?"

Nilidhani ni ujinga wa Njoroge peke yake. Kumbe hata wenye joho wanafikiri hivyo. Tarehe iliyofuata, wakili wa kampuni alisimama, akakohoa, akasema kwa heshima zote: "Mheshimiwa, mlalamishi ameaga dunia. Familia imeondoa madai. Lifti iliyokuwa ikiombwa ilikuwa kwa mahitaji ya marehemu, na mahitaji hayo sasa hayapo." Alisema hivyo akipanga karatasi zake, hata hakuinua macho. Ulikuwa umewaondolea shida, Ciru. Ulikuwa umeifanyia kampuni jambo la maana sana, kufa.

Atieno akasema Katiba inaruhusu mtu yeyote kuleta kesi kwa ajili ya umma, na kwamba yupo mtu anayeomba kuendelea. Karani akaita jina langu. "Nafula Wekesa, simama." Akaniona. Akasema, "Ama... kaa tu." Watu wengine walicheka kidogo, na mimi pia, kwa woga.

Wakili wao akauliza mimi ni nani kwa marehemu. Si dada, si mke wa mtu wao, sijawahi kufanya kazi kwenye kampuni hiyo. Fundi wa sare. Kwa nini nisumbuliwe na jengo ambalo sina shughuli nalo? Jaji akanigeukia, akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema kile ulichonisimulia jioni moja umefika nyumbani huna hata nguvu ya kuvua viatu, kuhusu yule mzee aliyekatwa mguu baada ya ajali, aliyekuja kufuatilia madai yake akapanda ngazi zile kwa makalio, moja moja, faili ameliuma kwa meno. Nikasema, "Mheshimiwa, hiyo ni ofisi ya watu waliogongwa na magari. Wateja wao ndio sisi. Mimi nikigongwa tena kesho, madai yangu yako orofa ya tatu."

Ni maneno yako. Sikuongeza kitu. Jaji aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema fidia yako imeondoka pamoja na sahihi ya familia, lakini swali la haki linabaki, na nitaruhusiwa kuliendeleza.

Njoroge alinipa notisi ya kuhama mwisho wa mwezi huo. Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa na haya. Alisema wanabomoa wajenge fleti. Nikamuuliza, "Na kama ningeiacha kesi?" Akajikuna shingo. "Mambo si hivyo, Nafula. Lakini pia wewe unajua vile umetuweka." Walipobomoa nilikuwa nimeshahamia Riruta. Sinki yetu ilivunjwa na mambo mengine yote. Nyumba niliyopata ina ngazi moja mlangoni. Ni moja tu, mwenye nyumba alisema, si kitu. Kwa wiki tatu niliingia nyumbani kwangu kwa kungoja mtu apite njiani anisukume juu, mpaka jirani, huyu wa chapati, akamleta mumewe na saruji.

Wakati huohuo bunge likapitisha sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Ungeisoma yote usiku mmoja na kalamu mkononi. Ni sheria nzuri, Ciru, siwezi kusema uongo. Kazi, majengo, hospitali, shule, yote yamo. Atieno aliniletea mwaliko wa mkutano wa kuisherehekea, hoteli moja kubwa upande wa Karen. Nyasi zimekatwa, chupa za maji kila meza, na jukwaa lina ngazi pande zote mbili. Walituweka sisi wenye viti mbele kabisa, chini ya jukwaa, ili tuonekane kwa kamera. Wazungumzaji wote walisimama juu wakatuelekeza vidole: "Hawa ndugu zetu!" Ilipofika zamu yetu ya kusema, maikrofoni iliteremshwa kwetu kwa waya. Mzee mmoja asiyeona aliyekuwa kando yangu aliniuliza jukwaa liko juu kiasi gani. Nilipomwambia, akacheka peke yake mpaka mtu akaja kumuuliza kama yuko sawa.

Kisha siku ya uamuzi. Nilifika mapema, na nikamkuta mamako kwenye benchi nje. Amevaa ile sweta ya kijani. Alikuwa amekuja peke yake. Sikujua kama nimsalimie au nijifiche, kwa sababu tangu mazishi hatukuwa tumeongea, na nilidhani yeye na Njoroge ni kitu kimoja. Nikamwambia, "Shikamoo mama." Akanishika mkono, hakuuachilia. Akasema, "Njoroge alisamehe ya kwake. Ya Wanjiru, mimi sikusamehe mtu."

Tukaingia pamoja. Mkoba wake akauweka chini, pale. Jaji aliposoma jina lako alifunga macho. Alipomaliza, na watu wakaanza kutoka, mamako aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa wamesema mtoto wangu hakuwa na makosa?" Nikasema, "Ndiyo, mama. Wamesema." Akauliza tena. Nikasema tena. Hicho ndicho alichokuwa amekuja kuchukua.

Kampuni haikukata rufaa. Walitoa taarifa kwamba wanaheshimu uamuzi na wamekuwa daima mstari wa mbele kwa ujumuishaji. Korti iliwapa muda, na muda ulipoisha Atieno akaniambia niende nikaone kwa macho yangu, kwa sababu mtu akiandika kwamba ametengeneza si sawa na kutengeneza.

Nimeenda jana.

Rampu ipo. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa juu yake, lakini ipo. Soja mpya mlangoni, kijana, akaniambia, "Madam, lifti imefungwa. Key iko na meneja. Si ungepiga simu kwanza tujue unakuja?" Nikamwambia wale wanaopanda ngazi hawapigi simu. Akafikiria. Akasema, "Hiyo ni ukweli," akaenda kuutafuta ufunguo. Nilingoja. Walipoifungua, ndani kulikuwa na maboksi ya karatasi za mashine, wameifanya stoo. Yule soja aliyatoa mwenyewe, akaniuliza kama napanda peke yangu au anisindikize. Nikasema peke yangu.

Lifti ilipanda, Ciru. Haikutikisika. Ina kioo, ina vitufe vilivyowekwa chini ambapo mkono wangu unafika, na sauti inayotaja orofa. "Orofa ya tatu," ilisema, na milango ikafunguka, kama kwamba halikuwa jambo gumu hata kidogo.

Nilienda chooni kwanza. Nilitaka kuona ule mlango. Walikuwa wamevunja ukuta mmoja tu. Mlango sasa ni mpana, kuna vyuma vya kushika pande zote mbili, beseni liko chini kama lile letu. Choo kizuri. Kisafi. Soja alikuwa ameniambia mafundi walimaliza kabla ya wiki mbili kwisha. Nilifunga mlango nikalia humo kama sijawahi kulia, hata siku ile ya matope. Ukuta mmoja. Ilikuwa ukuta mmoja tu, rafiki yangu, na ungekunywa chai yako.

Nikanawa uso, nikatoka, nikaenda mapokezi. Na hapo ukutani, nyuma ya meza, uko wewe.

Picha kubwa, yenye fremu ya dhahabu. Chini wameandika: Grace Wanjiru, Shujaa Wetu. Ni ile picha ya sherehe ya mwisho wa mwaka kule Kileleshwa, umevaa blauzi ya maua, unacheka kwa sababu nilikuwa nimeangusha keki. Naijua kwa sababu niliipiga mimi, kwa simu yangu, nikawatumia. Mwanzoni sikuelewa ni kitu gani kinanisumbua. Unaonekana kuanzia kifuani kwenda juu. Kisha nikaona mabega yako. Nyuma ya mabega yako kulikuwa na mishikio ya kiti, yote miwili, na wameiondoa. Wamepaka rangi ya ukuta hapo. Mtu aliketi kwenye kompyuta akakutoa kwenye kiti chako kwa uangalifu mkubwa.

Bwana Mutua alitoka ofisini kwake mikono imefunguliwa. "Nafula! Karibu sana. Umeona vile tumemuenzi?"

Nikamuuliza kiti kiko wapi.

"Kiti gani?"

"Cha Ciru. Kwenye picha."

"Aah, hiyo." Akatabasamu. "Kijana wa graphics alisema itatoka poa zaidi hivyo. Tulitaka watu wamwone yeye, wasione kiti."

Ciru, wewe ungepata neno kali la kumjibu papo hapo. Mimi sina ulimi wako. Nilimtazama mpaka tabasamu lake likaanza kumchosha. Ndipo nikasema, "Mlimfuta kazi kwa sababu ya hicho kiti. Sasa mmekifuta kiti ndio mpate kumtundika. Iteremsheni."

Akasema hiyo picha ni mali ya kampuni. Nikamwambia anishtaki basi, njia ya kortini naijua. Alianza kuongea juu ya kufuata taratibu, na wateja waliokuwa wameketi pale wakaacha kuangalia simu zao. Rafiki yako wa mapokezi, yule aliyekupigia siku ile, bado yuko. Alisimama, akapanda juu ya kiti chake, akaiteremsha picha, akaipangusa vumbi kwa kiganja na kuniwekea mapajani. Bwana Mutua akamwita kwa jina, mara mbili. Yeye akaketi akaendelea na kazi yake. Sijui kama leo bado ana kazi. Nimempigia asubuhi, hajashika.

Nilishuka nayo kwa lifti. Soja akaniuliza huyo ni nani, nikamwambia ndiye mwenye hii lifti.

Sasa iko hapa sebuleni, nimeigeuza iangalie ukuta, kwa sababu siwezi kukuangalia ukiwa hivyo, unaelea. Ile ya kweli bado iko kwenye simu yangu, na kiti, na mishikio, na mkono wangu pembeni wenye krimu ya keki. Kesho nitaenda nikaichapishe kubwa kama hii, niitie kwenye fremu yao hiyohiyo ya dhahabu. Moja nitampelekea mamako.

Kuhusu lifti, nakuahidi hivi. Nitakuwa nikiipanda. Sina shughuli yoyote orofa ya tatu, lakini lifti isiyopandwa, watu wale wataigeuza stoo, kisha watasema imeharibika, kisha watasema hakuna aliyelalamika. Nitakwenda bila kupiga simu. Nitaomba ufunguo mpaka wachoke na ufunguo, waiache wazi. Na siku ambayo mtu atafika pale na mguu wake umekatwa, na faili lake, atapanda akiwa na faili mkononi, na hatajua kwamba kulikuwa na Ciru. Sitamwambia. Atakuwa na shida zake.

Kwaheri, rafiki yangu. Bado sijapoa, na sina haraka ya kupoa. Jumatatu nakwenda tena mjini, na nikikuta maboksi ndani ya lifti nitayatoa nje mwenyewe, moja moja, niyapange mlangoni kwa Bwana Mutua.

Ni mimi wako,
Nafula